Ubao Uliohama

Kwa Mzee Alute,
Kijiji Kipya, upande wa Mwankoko,
Singida.
Tarehe 22 Mei, 1976.

Mpendwa Kaka Melkiori,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wifi Klara na mtoto mdogo ambaye mpaka leo hatujamwona. Joto la huko mnalivumiliaje? Na kile kifua chako kimepona? Mama ameniambia nikuulize habari ya kifua kabla ya kitu kingine chochote, na ameniambia mara mbili.

Sisi huku hatujambo. Baba mzima, ila goti lake huuma kila upepo wa baridi unapoanza, na mwaka huu umeanza mapema. Mama mzima. Uwele tumevuna, si mwingi sana, lakini ni mwingi kuliko mwaka ule tuliohamishwa katikati ya kilimo. Ng'ombe wawili wamezaa.

Tena utacheka: Baba amejiandikisha kisomo cha watu wazima. Wanakaa jioni chini ya paa la ghala la kijiji, yeye na Mzee Manase bega kwa bega. Mzee Manase anamtania kwamba anaandika jina lake kama mtu anayeswaga ng'ombe peke yake, kila herufi inakwenda upande wake. Baba anamjibu, "Wewe zako zimelala kabisa, hata kuswagwa hazitaki." Kila siku ni hayo hayo.

Barua yako ya Aprili ilifika Jumatano ya wiki iliyopita. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika, na ninaandika nikiogopa. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Nakuomba usiisome mbele ya watu wa karakana. Isome nyumbani, uifikishe mwisho, ndipo ukasirike.

Usishtuke kwanza. Mwanao Raheli haumwi. Anakula, anakua, gauni ulilomletea mwaka juzi sasa linaishia juu ya magoti. Lililompata ni la shuleni, na mimi ndiye niliyelifanya.

Unajua nilimaliza darasa la saba Novemba kule Iguguno, nikarudi nyumbani baada ya miaka mitatu ya kukaa kwa shangazi Theodora. Nilidhani nitakaa na Mama, nimsaidie kutwanga. Januari mwenyekiti wa kijiji akaja kusema kwamba watoto wote sasa lazima wasome, walimu hawatoshi, na vijana waliomaliza la saba watafundisha huku wakisomeshwa ualimu kwa redio na kwa karatasi za posta. Kijiji kitoe wawili. Alinitaja mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Baba alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha mgeni kiti. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza kusimama mbele ya watu.

Wewe unanijua. Hata dukani kwa Simoni nilikuwa nasimama nje mpaka wateja wote watoke, ndipo niingie kuomba chumvi.

Februari yote nilikaa darasa la kwanza la Mwalimu Gasto, mwalimu mkuu wetu, nikimsaidia kushika mikono ya watoto wakiandika. Hilo niliweza. Mwezi wa tatu Mwalimu Naftali wa darasa la tatu, yule aliyetufundisha hata sisi, akaitwa kwenye mafunzo Dodoma, miezi miwili na nusu. Ikasemwa darasa lake nilichukue mimi. Sikulala vizuri wiki nzima.

Ijumaa ya kuondoka kwake aliniita ofisini. Alikuwa anafunga mkoba kwa kamba, wala hakuniangalia.

"Darasa langu ni rahisi ukishalijua," akasema. "Kuna mistari tisa. Mitatu ya mbele ni vichwa vyangu. Hao ukiwaonyesha kitu mara moja, wamekikamata. Ya katikati inajikokota. Mitatu ya nyuma usiihangaikie. Wape udongo wafinyange, wachote maji, wakate nyasi. Ukianza kuwabembeleza hao utazeeka kabla ya siku zako, binti Alute."

Nikasema, "Ndiyo mwalimu." Sikuuliza jina hata moja. Nilitaka tu kutoka mle ofisini.

Sasa fuatilia vizuri, kaka, maana jambo lenyewe ni dogo kama punje, na ndilo lililozaa haya yote. Kesho yake mvua kubwa ilinyesha, na ukuta wa darasa la tatu, ule uliokuwa na ubao, ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Jumapili baada ya ibada wazee wakauegemeza kwa magogo. Ubao wakaubandua, wakautundika kwenye ukuta wa upande wa pili. Mimi nilikuwa nyumbani nikijisomea kitabu cha hesabu kwa hofu ya kesho. Mle darasani nilikuwa sijaingia hata siku moja, maana lilijengwa nikiwa Iguguno.

Shule yetu haina madawati. Watoto wenyewe, katika kazi za kujitegemea, walijijengea mabenchi ya udongo, marefu, kutoka ukuta hadi ukuta, wakayasiriba kwa samadi. Kila mtoto alilainisha mahali pake kwa kiganja, akabandika alama yake udongo ukiwa mbichi. Raheli alibandika punje mbili za mahindi. Mwingine kifuniko cha soda, mwingine kipande cha kigae. Mahali pa mtu ni pa mtu, na mwenzio akipakalia ni ugomvi.

Basi Jumatatu watoto walipoingia na kukuta ubao uko upande mwingine, hakuna aliyehama. Walikaa pale pale penye alama zao, wakageuza migongo tu. Waliokuwa mbele wakawa nyuma. Waliokuwa nyuma wakawa mbele.

Mimi nikaingia. Niliona magogo kule mwisho, nikadhani ni ukuta wa nyuma ndio uliopasuka. Watoto sitini na wawili walisimama wakaniamkia kwa sauti moja. Niliangalia mistari mitatu iliyo karibu nami, kwa sababu kuangalia mbali nilishindwa. Nikajiambia, hawa ndio vichwa, hawa watanisaidia.

Hakuna aliyeniambia, kaka. Mtoto gani amwambie mwalimu kwamba amelishika darasa kinyume? Nami sikuuliza, kwa sababu niliogopa wasije wakajua kwamba sijui.

Hapo karibu yangu kabisa alikaa msichana mmoja, Yunisi, binti wa Mughwai mfugaji. Siku ya kwanza nilimwuliza sita mara saba. Akainamisha kichwa. Nikawaza, huyu anajua, ila ana haya kama mimi. Nikamsubiri. Darasa zima lilinyamaza, hata mimi niliona muda umekuwa mrefu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kunong'ona, "Arobaini na mbili." Nikafurahi, lakini sikushangaa. Niliona ndivyo ilivyopasa kuwa. Kesho nikamwuliza gumu zaidi. Akikosea nilijua ni bahati mbaya tu, nikamrudishia swali kwa njia nyingine, na mara nyingine nilimweleza kwa Kinyaturu pale Kiswahili kilipomkwama.

Kule mwisho alikaa Raheli.

Wiki ya kwanza aliinua mkono kila mara. Nilimwona. Nilijua ni mtoto wako, na roho iliniuma kumwona kwenye mistari ile, lakini sikutaka watu waseme napendelea wa nyumbani. Siku moja alijibu sawasawa, nami nikadhani amemsikia jirani yake. Nikamwambia, "Raheli, usibahatishe." Darasa likacheka. Siku nyingine alichelewa kidogo tu kujibu, nami nikampitia haraka, nikamwuliza mwingine, nikidhani namwonea huruma. Kaka, niliamini kabisa kwamba ni huruma. Saa ya hesabu niliwapa udongo, yeye na wenzake, kama nilivyoagizwa. Niliwaambia wafinyange ng'ombe.

Na nyumbani nilifanya vivyo hivyo. Akichukua daftari jioni, nilimwambia, "Liache mama, usijitese, nenda ukacheze." Nilikuwa namtuma maji ili apumzike na vitabu. Mama alizoea kumwita karani wake, nami nikadhani ni maneno ya bibi kwa mjukuu. Barua yako ya mwisho kabla ya hii ilikuja Oktoba, nilipokuwa bado Iguguno, hivyo sikuwa nimewahi kumsikia akisoma.

Kufikia Pasaka alikuwa haulizi wala hajibu. Nikasema moyoni, Mwalimu Naftali alijua.

Ndipo barua yako ilipofika. Mama alikuwa anapepeta uwele. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akaita, "Karani! Njoo, baba yako ameandika. Nikalie hapa unisomee, tena polepole, usinirukishe kama ile siku."

Raheli akaja akasimama. Mama akamnyoshea barua. Mtoto hakuipokea.

"Mpe shangazi asome," akasema.

"Shangazi ana kazi yake. Karani wangu ni wewe."

"Mimi siwezi, Bibi. Mimi ni wa nyuma."

Mama akacheka, akadhani ni mchezo wa shuleni. "Wa nyuma tangu lini? Mwalimu Naftali alikuja hapa mwenyewe, kwa miguu yake, kuniambia amekukalisha benchi la kwanza, na kwamba nisikutume mnadani siku za shule. Wamekuhamisha?"

"Benchi ni lile lile, Bibi," Raheli akasema. "Ubao ndio uliohama."

Nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa. Sikukiangusha, lakini nilikaa chini nacho. Wakati huo huo niliyaona yale magogo, nikayaona mabenchi, nikamsikia Mwalimu Naftali akifunga mkoba wake.

Barua niliisoma mimi. Nilisoma habari za karakana, za homa ya mtoto, za cherehani ya wifi. Nikafika pale ulipoandika kwamba Desemba utakuja, na kwamba umezungumza na mwalimu wa shule ya huko, naye yuko tayari kumpokea Raheli kama anaendelea vizuri; na kama amezembea atabaki kwa bibi yake, maana shule ya huko haibebi mzigo. Ningeweza kuruka maneno hayo. Sikuwahi kufikiri haraka kiasi hicho. Niliyasoma kama yalivyo. Raheli akachukua ndoo akaenda kisimani, na maji yalikuwa yamejaa mtungini.

Mama aliniambia baadaye kwamba zamani mtoto huyu alikuwa anamchosha. Alikuwa hapiti neno asilolijua bila kuuliza. Mnada ni nini, Bibi? Stesheni ni nini? Kwa nini Baba kaandika "mno"? Barua moja ilikuwa kazi ya jioni nzima. Safari hii, Raheli aliporudi kisimani, nilimwuliza kama ameelewa yote. Akatikisa kichwa kukubali, asiulize kitu.

Tangu Jumatano ile nimejaribu kurekebisha. Alhamisi nilimwita Raheli ubaoni. Alikuja, akashika chaki, akaniangalia mimi badala ya ubao, akasubiri nimwambie akakae. Nilisubiri kama nilivyomsubiri Yunisi. Akaanza kulia bila sauti. Nilimrudisha mahali pake. Sikujua lingine la kufanya.

Hiki ndicho ninachokiogopa, kaka, kuliko fimbo. Wiki kumi tu. Sikumpiga, sikumtukana, sikumnyima chakula. Nilimdhania tu. Nilidhani hawezi, na mtoto akaniamini. Wakati mwingine nasimama mbele yao naogopa hata kumtazama mtu, kwa kuwa sijui jicho langu linamwambia nini.

Nami ningepaswa kujua kuliko wote. Mwalimu Naftali alinikalisha katikati miaka miwili, na miaka miwili hakuniuliza swali. Kule Iguguno mwalimu mmoja wa kike ndiye aliyenisubiri nijibu, siku moja tu, mpaka kengele ikalia. Nililia kwa haya, lakini baada ya siku hiyo nilianza kusoma.

Mwalimu Naftali anarudi Jumatatu, yaani keshokutwa. Nikimwambia ukweli, ninaogopa atanifukuza, na Baba ameshajisifu kijiji kizima. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni Yunisi. Nimekuja kujua kwamba miaka miwili saa ya hesabu Yunisi alikuwa anapelekwa kuchunga ndama wa Mwalimu Naftali. Sasa anasoma. Polepole, kidole chini ya neno, lakini anasoma, na wenzake saba wa mistari ile pia. Nikisema nimekosea, ubao utageuzwa, naye atarudi kwa ndama. Nikinyamaza, Raheli atakuta amehesabiwa wa nyuma na mwalimu aliyekuwa anajivunia yeye. Mmoja wao lazima nimpoteze. Ndivyo ninavyoona leo, na kichwa kinaniuma.

Naacha hapa. Simoni alikuwa aende mjini leo na barua za kijiji, lakini safari yake imekuwa ya Jumanne.

Jumatatu jioni, 24 Mei.

Kaka, bado ni mimi. Nilitaka kuichana hii nayo. Mama akaninyang'anya, akasema, "Andika yaliyobaki."

Mwalimu Naftali amekuja asubuhi na viatu vipya na mkoba ule ule. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasema moyoni njia nzima. Nilipomwona yote yakapotea. Nilimwamkia, nikasimama. Akasema, "Vipi binti Alute, vichwa vyangu havijambo?"

Nikasema, "Mwalimu, nilifundisha darasa kinyume."

Hakunielewa. Ikanibidi nimpeleke mlangoni nimwonyeshe ule ukuta wenye magogo, na ubao, na watoto walivyokaa. Alitazama muda. Nilimwona anahesabu mabenchi kwa macho. Halafu akacheka, tena kwa nguvu.

"Kwa hiyo miezi yote hii umewahubiria wachunga ndama?"

"Ndiyo mwalimu."

"Na hesabu?"

"Hata hesabu."

Akaingia. Akaita, "Yunisi! Bibi wa ndama! Hebu simama utusomee, tusikie mahubiri yamefika wapi." Watoto wakacheka. Yunisi akasimama na kitabu, akasoma ukurasa tuliouachia Ijumaa. Mwalimu Naftali akasema amekariri. Akamgeuzia kurasa mbali mbele, mahali ambapo sijawahi kufundisha. Yunisi alinyamaza. Niliona Mwalimu anafungua mdomo amwambie akae, nami, kaka, sijui nilipata wapi nguvu, nikasema, "Msubiri kidogo, mwalimu."

Alinigeukia kana kwamba kiti kimesema. Na katika kule kunigeukia Yunisi akaanza. Alisoma mistari minne. Mahali pawili alikwama, akarudi nyuma, akapita. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu Naftali akakaa kwenye benchi la udongo, na viatu vyake vipya. Hakusema lolote juu ya Yunisi. Akamwita Raheli. Raheli akasimama na kitabu, na midomo haikufunguka.

Hapo ndipo alipokasirika. "Huyu alikuwa jicho langu!" akanipigia kelele mbele yao wote. "Umemfanya nini huyu mtoto?"

Sikulia. Nilimwambia, "Nilimfanya kama ulivyoniagiza niwafanye wa nyuma."

Sikusema kwa ujeuri, kaka. Niape kwa nini? Nilijibu swali aliloniuliza.

Akawatoa watoto mapumziko kabla ya wakati. Tulibaki mimi na yeye na ukuta wenye magogo. Alikuwa akitazama lile benchi la kwanza, au la mwisho, sijui sasa niliite nini. Nilimwuliza kama Yunisi atarudi kwa ndama. Alisema, "Ndama nitawachunga mwenyewe," kwa hasira, kama mtu aliyedaiwa. Halafu akasema lazima Mwalimu Gasto ajue, na kwamba Jumatano watakaa waamue kama nitaendelea. Kama nitabaki au kama nitarudi kutwanga, sijui. Usiku huu naiogopa Jumatano kuliko nilivyoiogopa Jumatatu.

Baba nimeshamwambia. Alisema kule kisomoni na yeye anakaa nyuma, kwa sababu ya goti, na mwalimu wao naye humruka. Akasema kesho atakwenda kukaa mbele, goti litajua lenyewe. Mzee Manase atacheka, lakini nilimshukuru.

Sasa nina ombi moja. Desemba usiweke "kama" mbele ya Raheli. Usimwandikie kwamba atakuja Tanga kama anaendelea vizuri. Mwambie anakuja, au mwambie haji. Amehesabiwa na kila mtu mwaka huu, na mimi wa kwanza. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi, nimejitoa. Lakini muandikie yeye barua yake peke yake, jina lake juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, na ndani uweke maneno asiyoyajua. Usiyarahisishe. Muandikie kama mtu anayejua atasoma.

Wasalimie wifi Klara na mtoto. Baba na Mama wanakusalimu, Mama anasema mafuta ya kifua uliyomwomba atampa Simoni. Shangazi Theodora wa Iguguno alituma salamu zako tangu mwezi jana, nikasahau. Mzee Manase pia anakusalimu, na anasema utakapokuja utamkuta anasoma gazeti, Baba bado yuko kwenye "ba".

Mungu akulinde njiani na kazini, akuepushe na vyuma vizito, na awape usingizi mwema nyote watatu.

Nimeacha nafasi chini ya jina langu. Nitampa Raheli kalamu na barua yako ile ya Aprili, kisha nitatoka nje nikakamue, nisiwe karibu, nisimtazame. Nikirudi nitaifunga bahasha bila kusoma, iwe ameandika au hakuandika. Ukikuta patupu, usiulize. Muandikie tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ninayeogopa jibu lako na kulingojea,

Kristina Alute.


Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mwenyewe yote na shangazi hayupo. Karakana ni nini? Mimi Raheli.